Muhtasari, dokezo, warsha au ziara: ipi itafikisha sayansi ya tabianchi kwa wenye kalamu?

Ukiwa na matokeo ya utafiti kuhusu mvua, mto au mikoko, na unataka serikali iyafanyie kazi, ushauri wa kwanza utakaopewa ni kuandika muhtasari wa sera. Mfadhili ameuweka kwenye mkataba, chuo kinauhesabu wakati wa kupandisha watu vyeo, na ukichapwa kwa rangi unapendeza mkononi. Shida ni kwamba ushauri huo hutolewa kabla mtu hajauliza anayesaini ni nani, anasaini nini, na lini. Hapa nalinganisha njia zinazotumika zaidi Kenya na Tanzania. Sitazipa nafasi sawa, kwa kuwa hazina nguvu sawa.

Muhtasari wa sera na dokezo la ndani

Muhtasari wa sera huwa kurasa mbili hadi nne, una jina lako, nembo ya taasisi yako na picha ya mkulima. Wasomaji wake wengi ni watafiti wenzako, maofisa wa mashirika na wanafunzi. Hilo halimaanishi kwamba haufai. Mkakati mpya ukianza kuandikwa wizarani, wale waliopewa kazi ya kuuandika hukusanya kila kilichopo mezani, na hapo karatasi yako ya miaka mitatu iliyopita inaweza kuingia. Ni njia ya jambo lisilo na haraka, ambalo bado halijawa ajenda ya mtu yeyote.

Dokezo ni kitu kingine kabisa. Linaandikwa na afisa aliye ndani, linaingia kwenye jalada, linapanda kutoka kwake kwenda kwa mkuu wa sehemu, mkurugenzi, mpaka kwa katibu mkuu, na kila mmoja anaongeza mstari wake na sahihi. Jina lako huenda lisionekane popote. Ila uamuzi wa serikali hufanyika kwenye jalada, na anayetaka sayansi yake itumike lazima akubali kupotea jina.

Chukua mfano wa Mto Pangani. Maji ya bahari yanapanda mtoni kadiri mtiririko wa maji baridi unavyopungua, na huko juu kuna mashamba, miji na bwawa la Nyumba ya Mungu, vyote vinagombea maji yaleyale. Vibali vya kutumia maji hutolewa na Bodi ya Maji Bonde la Pangani, yenye ofisi yake Moshi. Tuseme wewe umepima chumvi kwenye sehemu ya chini ya mto. Kwenye muhtasari wa sera utaandika hivi, na mhariri wako atafurahi:

*Matokeo yanaashiria kwamba kupungua kwa mtiririko wakati wa kiangazi kumechangia kusogea kwa maji chumvi kuelekea juu ya mto. Utafiti zaidi unahitajika, pamoja na ushirikiano wa wadau wote.*

Sasa tazama namna habari hiyohiyo inavyoweza kukaa kwenye dokezo:

*Inashauriwa kusitisha vibali vipya vya kuchukua maji ya umwagiliaji kati ya mlango wa mto na kituo cha kwanza cha kupimia, hadi vipimo vya kiangazi kijacho vipatikane. Sababu: maji ya eneo hilo yana chumvi inayodhuru mpunga katika miezi ya mtiririko mdogo. Vibali vilivyopo haviguswi. Gharama: hakuna ya ziada. Naomba maelekezo.*

Aya ya pili nimeibuni, lakini kila afisa ataitambua. Inataja uamuzi ambao ofisi ile ina mamlaka nao, inasema nani hataguswa, inataja gharama, na inaomba jibu. Hakuna "wadau wote". Kama una wiki moja tu ya kuandika, itumie kumwandalia afisa aya kama hiyo na jedwali moja la vipimo, kwa maneno anayoweza kuyahamisha bila kuyabadilisha. Muhtasari wenye rangi utaandika baadaye, mfadhili asije akanuna.

Kuna muhtasari mmoja maarufu duniani ambao watu huutolea mfano kimakosa. Jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, hutoa kila ripoti kubwa pamoja na muhtasari kwa watunga sera. Ripoti ya kundi lake la kwanza la wanasayansi ya mwaka 2021 ilikaribia kurasa 4,000, na wengi wanadhani muhtasari wake una nguvu kwa sababu ni mfupi. Nguvu yake inatoka kwingine: wawakilishi wa serikali hukaa na wanasayansi na kuupitisha mstari kwa mstari. Ukishapita, hakuna serikali inayoweza kusema haukuwa wake. Muhtasari wako ulioandikwa chuoni na kupelekwa wizarani kwa barua hauna kitu hicho, hata uwe mfupi namna gani. Ukimpata afisa mmoja wa wizara aandike nawe tangu rasimu ya kwanza, umepata sehemu ya nguvu ile kwa bei nafuu.

Maneno au namba

IPCC ina kamusi yake ya uwezekano. Wakisema jambo "lina uwezekano", wanamaanisha asilimia 66 hadi 100. "Uwezekano mkubwa" ni 90 hadi 100. Mwaka 2009 mwanasaikolojia David Budescu na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba wasomaji wa kawaida huyavuta maneno hayo kuelekea katikati: lililokusudiwa kuwa karibu na hakika linasomwa kama huenda. Kuweka namba pembeni ya neno kulipunguza tatizo. Kwa hiyo kwenye karatasi weka vyote viwili, neno na namba.

Mdomoni mambo ni magumu zaidi. Utabiri wa msimu unaotolewa na ICPAC, kituo cha tabianchi cha IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika na jirani zake, kilichopo Nairobi, na ule wa mamlaka za hali ya hewa, hugawanywa mafungu matatu: juu ya wastani, wastani na chini ya wastani. Tuseme msimu umepewa 45, 35 na 20. Kwa mtaalamu hiyo ni ishara nzuri ya mvua kubwa, kwa sababu bila taarifa yoyote kila fungu lingepata 33. Kwa mkuu wa wilaya, 45 ni chini ya nusu, basi haitanyesha sana. Mwambie hivi: katika misimu 10 inayoanza kama huu, minne au mitano hunyesha kupita kawaida, na miwili tu hupungukiwa. Kisha malizia kwa kinachofuata mvua hiyo kwenye eneo lake, makalavati gani na shule zipi, maana hilo ndilo aliloliitia mkutano.

Kilichotokea mwaka 2023 kinafaa kukumbukwa na kila anayepanga mkutano wa aina hii. Agosti, ICPAC ilitangaza kwamba mvua za Oktoba hadi Desemba zilikuwa na uwezekano mkubwa wa kuzidi wastani, na El Niño, yaani Bahari ya Pasifiki kupata joto kupita kawaida, ikitajwa kama mojawapo ya sababu. Oktoba, Rais William Ruto akawaambia Wakenya kwamba wataalamu sasa wanasema hakutakuwa na ile El Niño iliyohofiwa, ila mvua nyingi. Novemba mafuriko yakakata barabara za kaskazini mashariki na Tana, na kabla mwaka haujaisha zaidi ya watu 100 walikuwa wamekufa nchini humo. Sidhani kosa lilikuwa la mtu mmoja. Wanasiasa na wananchi walikuwa wanauliza kama itakuwa kama mafuriko ya El Niño ya 1997, ndiyo au hapana, na sayansi ilikuwa na jibu la mafungu matatu kuhusu mvua. Ukiulizwa swali la ndiyo au hapana, jibu kwa hatua: pandisheni watu mwinuko, safisheni mitaro, wekeni chakula Garissa kabla barabara haijafunga. Hatua hizo zilifaa iwe mvua imepewa jina lolote.

Warsha, ofisi ya mtu, na kupanga pamoja

Warsha ya siku mbili hotelini ndiyo njia ghali kuliko zote na ndiyo inayopendwa kuliko zote. Kuna posho, kuna chai ya saa nne, kuna picha ya pamoja. Mheshimiwa anafungua na kuondoka, anayebaki ni msaidizi wa msaidizi ambaye wiki ijayo atakuwa kwenye warsha nyingine. Nisieleweke vibaya, warsha inajenga watu kufahamiana, na mengi yanafanyika baadaye kwa simu kwa sababu mlikaa meza moja. Lakini kama lengo lako ni uamuzi, nusu saa ofisini kwa mkurugenzi, ukiwa na karatasi moja na bila projekta, ina thamani kuliko slaidi arobaini.

Njia ya tatu ndiyo inayonivutia zaidi kwa ngazi ya kaunti. Tangu 2011, kuanzia Garissa, shirika la CARE na washirika wake waliendesha mikutano ya kupanga kwa pamoja baada ya utabiri wa msimu kutoka. Wanakaa chumba kimoja afisa wa hali ya hewa wa kaunti, maofisa wa kilimo, mifugo na maji, wafugaji na wakulima, na watabiri wa jadi. Utabiri unasomwa, watabiri wa jadi wanasema wanachoona, kisha kikao kinaandika: mvua ikizidi tufanye nini, ikiwa ya kawaida je, ikipungua je. Utaratibu huo umesambaa kaunti nyingi. Magharibi mwa Kenya, watabiri wa ukoo wa Nganyi nao wamefanya kazi na wataalamu wa hali ya hewa kwa mtindo unaofanana, na taarifa zikatangazwa na redio ya jamii kwa lugha ya wenyeji.

Faida yake ni kwamba watakaotekeleza ndio walioandika. Udhaifu upo pia. Kila mtu anaongeza lake, na ushauri unaotoka unaweza kuwa na mambo ishirini ambayo hakuna kaunti yenye fedha za kuyafanya. Halafu kuna muda: utabiri wa vuli hutoka mwishoni mwa Agosti au mwanzoni mwa Septemba, mvua zinaanza Oktoba. Kikao kikiahirishwa kwa sababu gavana anasafiri, mnapanga mvua imeshanyesha. Ukiichagua njia hii, weka tarehe kabla ya utabiri kutoka, na kikao kisivuke mambo matano.

Kushawishi kila mara, au kukubaliana kiwango mapema

Hapa ndipo nina msimamo mkali kidogo. Kwa majanga yanayojirudia, ukame hasa, kushawishi kila msimu ni njia mbovu hata ukiwa mwandishi hodari.

Ushahidi ni wa mwaka 2011. Maonyo ya ukame Pembe ya Afrika yalianza kutolewa Agosti 2010, mapema kabisa, kwa lugha iliyoeleweka. Njaa ilitangazwa Somalia tarehe 20 Julai 2011. Makadirio yaliyotolewa 2013 yalisema watu wapatao 258,000 walikufa kusini na katikati mwa nchi kati ya Oktoba 2010 na Aprili 2012, zaidi ya nusu wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Vita na vizuizi vya al-Shabaab vilichangia pakubwa, hilo halina ubishi. Lakini taarifa zilikuwapo. Kilichokosekana ni makubaliano ya awali kwamba taarifa ya aina fulani inafungua fedha za kiasi fulani.

Linganisha na kinachofanyika kaskazini mwa Kenya. Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, hutoa taarifa kila mwezi kwa kila kaunti kame, ikionyesha kama iko hatua ya kawaida, tahadhari, hatari au dharura. Mpango wa fedha taslimu wa HSNP katika Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir umefungamanishwa na kipimo cha setilaiti kinachoonyesha hali ya uoto kwa mizani ya 0 hadi 100, ukilinganisha na miaka iliyopita. Chini ya 20 ni ukame mkali, chini ya 10 umekithiri. Kipimo kikifika hapo, kaya zaidi zinaingizwa kwenye malipo. Mtaalamu hahitaji kumbembeleza mtu, kwa sababu mjadala ulifanyika mapema, wakati hakuna mfugaji aliyekuwa anapoteza ng'ombe na hakuna kamera.

Bei yake ni kubwa. Unahitaji vipimo vya miaka mingi, fedha zilizotengwa kabla, na mkataba wa nani anatoa tangazo. Na kipimo kinaweza kudanganya: kwa setilaiti kijani ni kijani, hata kama kijani chenyewe ni mathenge, ule mti wa miiba uliovamia Baringo na Tana River na kubaki mbichi wakati nyasi zimekwisha. Kwa hiyo kando ya setilaiti lazima pawe na mtu anayepima hali ya mifugo na bei za sokoni. Hata hivyo, kama tatizo lako linarudi kila baada ya miaka michache na uamuzi ni uleule, tumia nguvu zako zote hapa. Kampeni ya mawasiliano unaifanya mara moja, kwa watu wachache wa hazina.

Msimu ujao au mwaka 2050

Watafiti vijana hupenda kupeleka ramani za 2050. Kabla ya kuzipeleka, fungua kalenda ya bajeti. Kenya, mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti huwasilishwa kabla ya tarehe 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha kabla ya 28 Februari, na makadirio kabla ya 30 Aprili, mwaka wa fedha ukianza 1 Julai. Tanzania nayo mwaka wa fedha huanza 1 Julai, na Bunge hukaa Dodoma kwa bajeti kuanzia Aprili, lakini halmashauri zinakuwa zimeshapanga yao miezi kadhaa kabla. Ukifika Mei na matokeo mazuri, umechelewa kwa mwaka mzima.

Utabiri wa msimu, kwa upande wake, hauwezi kuingia kwenye bajeti iliyokwisha kupitishwa isipokuwa kwa mfuko wa dharura. Peleka huko, si kwa kamati ya mipango. Makadirio ya miongo yapeleke kwenye mipango ya miaka mitano ya kaunti na kwa wahandisi wa madaraja na mabwawa. Huko nako uwe mkweli kuhusu mvua za Machi hadi Mei. Vipimo vya miongo ya karibuni vimeonyesha zikipungua sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, ilhali modeli nyingi zinasema zitaongezeka. Mhandisi anaweza kufanya kazi na hali mbili zinazopingana ukimwonyesha zote. Ukimficha moja kisha akaikuta kwingine, karatasi zako zote zinazofuata zitakuwa na mashaka.

Ziara

Ziara ya uwandani inafaa pale ambapo madhara, au mafanikio, yana mahali pa kuonekana. Mkulima wa Pemba akimwonyesha kiongozi bonde la mpunga lililoingiwa na maji ya bahari, hakuna grafu itakayoongeza kitu. Gazi, kaunti ya Kwale, mradi wa Mikoko Pamoja umekuwa ukiuza kaboni ya mikoko ya hekta 117 tangu 2013, yaani kulipwa kwa hewa ukaa ambayo mikoko hiyo inaihifadhi, na mapato yanaingia kwenye maji na shule za kijiji. Wageni wa serikali wakipita pale kwenye daraja la mbao lililokatiza mikoko, wanaelewa haraka kwa nini msitu uliosimama una thamani. Hatari ni kwamba kiongozi huondoka na jambo moja na kuliagiza kila mahali. Atataka mikoko ipandwe pwani yote, pamoja na kwenye nyasi za baharini ambako haijawahi kuota na haitaota. Mtu wa kumwambia hivyo apande naye gari moja.

Kwa wastani wa mvua uliobadilika polepole kwa miaka thelathini, usihangaike na ziara. Hakuna cha kuona.

Redio na magazeti

Redio inafikia watu wengi kuliko njia zote hizi, na mbunge huogopa swali la mpiga kura kuliko barua ya profesa. Itumie pale ambapo jambo limekwama ofisini bila sababu, au pale ambapo wananchi wenyewe ndio waamuzi, kama wakati wa kupanda au kuhama bondeni. Ila kama unachopeleka ni aibu ya idara fulani, mkuu wa idara hiyo apate nakala siku mbili kabla, pamoja na namba yako ya simu. Akiisikia mara ya kwanza garini akielekea kazini, atakachofanya asubuhi ile ni kuandika kanusho, na baada ya kanusho rasmi hakuna afisa wa chini yake atakayekuandikia dokezo.